Kosa la Mwalimu wa Gerenus



Wiki hii tunaomba radhi kwa kuyaweka kando masomo ya Dominika, kwa kuwa kuna jambo limetukaa moyoni tangu tulipokwenda hospitalini kumtembelea kijana mmoja wa kwaya yetu. Ana umri wa miaka 23, mabega mapana, na sauti ya besi inayotikisa madirisha ya kanisa. Tulipopata habari kwamba amelazwa tulidhani ni malaria. Haikuwa malaria. Kilichomlaza ni mazoezi.

Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi. Kijana wetu alijiandikisha katika ukumbi wa mazoezi, ule ambao vijana huuita jimu, akaahidiana na wenzake kunyanyua vyuma kwa siku 30 mfululizo bila kuruka hata moja. Ilipofika siku ya kumi na tano hivi, usingizi ulianza kumpotea. Siku ya kumi na nane hakuweza kuinua mikono ili avae shati. Mama yake ndiye aliyemvalisha. Siku ya kumi na tisa alikwenda tena, na jioni yake akaona mkojo wake umekuwa na rangi ya chai kavu. Daktari alitueleza kwamba misuli inayofanyishwa kazi kupita kiasi, bila kupewa nafasi ya kujijenga upya, hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake katika damu. Mafigo, ambayo kazi yake ni kuichuja damu, huzidiwa, na wako wagonjwa ambao huishia kusafishwa damu kwa mashine. Mwenzetu aliwahi. Dripu za siku chache zilimtosha.

Tulimuuliza kwa nini alikwenda siku ile ya kumi na tisa, akatupa majibu mawili. La kwanza: "Padre, mwalimu alisema ratiba ni ratiba." La pili lilitugusa zaidi, kwa sababu alimtaja Mtakatifu Paulo, pale anapowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji na wapiga ngumi, na jinsi mtu anavyoutiisha mwili wake. Kijana amesoma, wala hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo. Hatukutaka kubishana na mgonjwa mwenye sindano mkononi. Tulirudi nyumbani tukafungua vitabu, tukijiuliza swali moja: wale wanamichezo wa kale waliompa Paulo mfano wake, je, walikuwa wakipumzika?

Jibu ni kwamba walipumzika kwa ratiba, na ratiba hiyo ikamuua mmoja wao.

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, nao Korintho ndio mji uliosimamia michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili. Wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa mwanariadha ni mtu gani, walimwona njiani. Kila mji wa Kigiriki uliojiheshimu ulikuwa na uwanja wake wa mazoezi ulioitwa gymnasion, neno lililotokana na lile la Kigiriki lenye maana ya kuwa uchi, kwa kuwa ndivyo walivyofanya mazoezi. (Vijana wetu, tunamshukuru Mungu, wamelipokea neno wakaiacha desturi.) Wale waliokwenda kushindana Olympia walikula kiapo kwamba wamejiandaa kwa miezi kumi kamili. Walikuwepo pia walimu maalumu wa mazoezi, waliolipwa vizuri na kusikilizwa kama waganga. Kama ilivyo desturi ya watu wanaolipwa vizuri, baada ya muda walianza kutunga mifumo.

Mfumo mmoja ulipata sifa kubwa katika enzi ya Warumi. Uliitwa tetradi, yaani mzunguko wa siku nne. Siku ya kwanza ilikuwa ya maandalizi, yenye mazoezi mafupi ya haraka ya kuuamsha mwili. Siku ya pili mwanamichezo alisukumwa hadi ukomo wa nguvu zake. Siku ya tatu ilikuwa ya kupumzika. Siku ya nne ilikuwa ya kazi ya wastani, na kwa mwanamieleka ilikuwa siku ya kujifunza mbinu za kumshika na kumponyoka mpinzani. Kisha mzunguko ulianza upya. Msomaji makini ataona kwamba mfumo huu haukuwa wa kipumbavu hata kidogo. Mtu akiuandika leo katika ubao wa ukumbi wowote wa mazoezi, wengi watausifu.

Habari za tetradi tunazipata kwa mwandishi wa Kigiriki aitwaye Philostratus, aliyeandika kitabu kizima juu ya ufundi wa mazoezi katika karne ya tatu baada ya Kristo. Philostratus hakuupenda mfumo huo, na ili kueleza kwa nini, anasimulia kisa cha mwanamieleka aliyeitwa Gerenus.

Gerenus alikuwa mtu wa Naucratis, mji wa Wagiriki katika nchi ya Misri, kwenye matawi ya mto Nile. Alikuwa amepata ushindi Olympia, na hakuna heshima iliyopita hiyo katika dunia yao. Siku mbili tatu baada ya ushindi, aliwaalika marafiki, wakala na kunywa. Alikula vyakula asivyovizoea, alikunywa divai, na usiku ule hakulala vema. Nani kati yetu angemlaumu? Kesho yake alifika uwanjani kama kawaida, akamwambia mwalimu wake ukweli: hajisikii vizuri, tumbo halijatulia. Mwalimu akakasirika. Aliona kwamba mwanafunzi wake amelegea na kuuvuruga mzunguko wa siku nne. Akampa mazoezi yale yale ambayo siku ile ilidai, na Gerenus akafa akiyafanya. Philostratus anasema kaburi lake lilikuwa Athens, upande wa kulia wa njia iendayo Eleusis, na anamtwika mwalimu lawama yote, kwamba alimuua mtu kwa kutojua, maana hata kama Gerenus angenyamaza, mwalimu alipaswa kuiona hali yake kwa macho.

Tumekisoma kisa hiki mara kadhaa wiki hii. Siku ya mapumziko ilikuwamo ndani ya tetradi. Mwalimu yule hakupinga mapumziko; aliyaamini, aliyaandika, aliyapa siku yake ya tatu. Alichokosa ni uwezo wa kukubali kwamba mwili wa mtu fulani, asubuhi fulani, unaweza kuhitaji mapumziko siku ambayo karatasi haikusema. Mgonjwa alisema, tena alisema mapema, tena alisema kweli. Aliyesikilizwa ni ratiba.

Nani basi alikuwa na haki ya kusema "leo hapana"? Katika uwanja ule Gerenus, bingwa wa Olympia, hakuwa nayo. Alikuwa na haki ya kukiri tu, kama mtoto aliyevunja chungu, kisha akangoja hukumu.

Yawezekana kuna msomaji atakayesema Wagiriki hawakuwa na elimu ya tiba. Walikuwa nayo. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, alianza kazi ya kuwatibu wapiganaji wa viwanjani katika mji wake mwaka 157, akaona kwa macho yake miili inavyoharibika. Alisema waziwazi kwamba maisha ya wanamichezo wa kulipwa, ya kula kupita kiasi na kujitesa kupita kiasi, si afya bali ni hatari, na aliandika kijitabu cha kusifu mazoezi ya mpira mdogo kwa sababu yanaweza kupimwa kulingana na nguvu za anayecheza. Elimu ilikuwepo miongo kadhaa kabla ya Philostratus kukaa na kuandika. Haikufika uwanjani, au ilifika ikakuta mlango umefungwa.

Sasa tunaruka karne nyingi hadi zama ambazo michezo ilirudi kuwa kazi kubwa duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makocha wa Uingereza na Marekani walikuwa na neno la kumwelezea mwanariadha aliyefanya mazoezi mpaka akapoteza ladha. Walitumia neno lile lile wanalotumia kwa mkate uliokaa siku nyingi. Walijua ugonjwa huo upo ingawa hawakujua asili yake. Mwaka 1936 daktari Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya aliowatia katika mateso ya namna mbalimbali: baridi, majeraha, sumu, na pia kazi ya misuli iliyopita kiasi. Miili ya panya wale ilijibu kwa njia moja, tena kwa hatua tatu. Kwanza ilishtuka. Kisha ilizoea, ikaonekana kana kwamba imeshinda. Mateso yalipoendelea ikaishiwa nguvu. Hatua ya pili ndiyo inayotutisha sisi, kwa maana mtu aliye katika hatua hiyo hujiona imara kuliko wakati wowote. Kijana wetu alituambia kwamba siku ya kumi na mbili alijiona simba.

Miaka ya baada ya vita kuu ya pili ilikuwa na simba mmoja wa kweli. Emil Zátopek, mwanajeshi wa Czechoslovakia, alifanya mazoezi ambayo watu wa wakati wake waliyaona ni wazimu: mita 400 kwa kasi, kisha kukimbia polepole kidogo, kisha mita 400 tena, mara 40 na hata zaidi kwa siku moja. Mwaka 1950, muda mfupi kabla ya mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Brussels, aliugua kwa chakula kibaya, akalazwa hospitali. Akawekwa kitandani, yeye ambaye kitanda kilikuwa adui yake. Alitoka siku chache tu kabla ya mashindano, na kila mtu alidhani amekwisha. Akashinda mbio za mita 10,000, akashinda na za mita 5,000, tena kwa kuwaacha wenzake mbali mno. Makocha waliofuata walilitafakari tukio hilo miaka mingi, na baadhi yao wakaliita kwa jina lake. Nguvu zilikuwamo mwilini tayari, zimejificha chini ya uchovu, na hakuna kocha ambaye angethubutu kumwamuru Zátopek alale. Ulihitajika ugonjwa.

Hatupendi kulitumia jambo hili kama kanuni. Kuugua si mapumziko, na Zátopek alikuwa Zátopek. Alipata medali tatu za dhahabu Helsinki mwaka 1952 kwa kazi na si kwa usingizi. Mtu wa pili ndiye anayetufundisha zaidi, kwa sababu yeye alichagua.

Roger Bannister alikuwa mwanafunzi wa udaktari, Mwingereza, na katika michezo ile ile ya Helsinki alishika nafasi ya nne katika mita 1,500. Alikuwa amejiandaa kwa mbio mbili. Waandaaji wakaongeza nusu fainali, akalazimika kukimbia siku tatu mfululizo, na miguu ikamkatalia siku ya mwisho. Baada ya hapo aliamua kutafuta kitu ambacho wengi walisema hakiwezekani, yaani kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Majira ya baridi ya mwaka 1953 alianza mazoezi pamoja na marafiki wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, wakisaidiwa na kocha kutoka Austria, Franz Stampfl. Zoezi lao kuu lilikuwa kukimbia yadi 440, yaani mzunguko mmoja wa uwanja, mara kumi, wakipumzika dakika mbili baada ya kila mzunguko. Walianza na sekunde 66 kwa mzunguko. Wiki baada ya wiki walipunguza, hadi Aprili 1954 wakafika sekunde 61. Hapo wakakwama. Walihitaji 59, na kadiri walivyoongeza juhudi ndivyo sekunde zile mbili zilivyozidi kuwa mlima.

Wangeweza kuongeza mazoezi. Mtu yeyote mwenye ratiba na hofu angefanya hivyo, maana zilikuwa zimebaki wiki chache, na habari zilisikika kwamba Mwaustralia John Landy naye anaikaribia rekodi hiyo. Badala yake Bannister na Brasher waliuacha uwanja kabisa, wakasafiri hadi Glencoe katika milima ya Scotland, wakatumia siku tatu hivi wakipanda miamba. Hawakukimbia hatua moja. Waliporudi wakafanya zoezi lile lile, na mizunguko yote kumi ikatoka kwa sekunde 59.

Tuseme kweli, kupanda miamba yenye baridi na utelezi si mapumziko ambayo daktari angemwandikia mtu, na mmoja wao angeweza kuvunjika mguu na historia ikawa nyingine. Hata hivyo walichopumzisha kilikuwa kitu mahususi: ile misuli ya mbio iliyochoka kwa namna moja, na akili iliyochoka kuitazama saa. Mkulima anayelaza shamba la mahindi hamaanishi kwamba shamba lile halitaota kitu chochote mwaka ule.

Kisha likaja jambo gumu zaidi. Siku tano za mwisho kabla ya mbio Bannister hakufanya mazoezi kabisa. Yeyote aliyewahi kungoja mtihani anajua siku tano kama hizo zilivyo ndefu. Alasiri ya tarehe 6 Mei 1954, katika uwanja wa Iffley Road mjini Oxford, siku ya upepo, Brasher alimwongoza mwanzoni na Chataway baadaye, na Bannister akamaliza maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Siku 46 baadaye Landy aliivunja rekodi hiyo nchini Finland. Bannister aliacha riadha mwaka huo huo, akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, akafariki mwaka 2018. Brasher, tuongeze kwa kupita tu, alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1956 huko Melbourne katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Linganisheni, wapendwa, viwanja hivi viwili. Katika cha Gerenus mwenye mwili alikiri na mwenye ratiba akaamua. Katika cha Oxford mwenye mwili aliamua, na kocha alikuwa mshauri. Ni kweli Bannister alikuwa na bahati ya elimu. Alisomea udaktari na alijipima mwenyewe. Je, mtoto wa kijijini asiye na elimu hiyo afanyeje?

Hapa tunarudi nyumbani Afrika Mashariki. Mwaka 1976 bruda mmoja wa shirika la Mtakatifu Patrisi, Colm O'Connell kutoka Ireland, alifika Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alikuja kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa amewahi kufundisha riadha wala hakuwa mwanariadha. Alipokabidhiwa timu ya shule, hakuwa na mfumo wa kuwabebesha wanafunzi, na tunadhani huo ndio uliokuwa utajiri wake. Ilimbidi atazame. Aliwatazama watoto wanavyokimbia, wanavyopumua, wanavyorudi darasani, na akajifunza kutoka kwao. Katika kambi zake za likizo vijana walikimbia kwa vikundi, muda mwingi ukitumika katika mazoezi mepesi ya mkao na mwendo, na kasi kali ikitolewa kwa kipimo, kama chumvi.

Matunda yake yanajulikana. Peter Rono aliyesoma shule hiyo alishinda mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Naye David Rudisha, aliyepitia mikononi mwa bruda huyo tangu ujana, alikimbia mita 800 London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho. Waandishi wengi walipanda Iten kutafuta siri. Walikuta barabara ya vumbi jekundu, chai ya maziwa, na vijana wanaolala mchana. Kulala mchana wengi hawakukuandika, kwa kuwa hakupendezi katika picha.

Tunajua kuna Mtanzania anayesoma hapa na tayari ana jina mdomoni: John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, marathoni. Alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshaingia, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, huku wengine 18 wakiwa wameacha njiani. Tumekua na hadithi hiyo, na hatukubali mtu aiguse. Je, naye alipaswa kupumzika? Tumejiuliza sana, na tunaona kwamba swali hilo linachanganya mambo mawili. Akhwari alikuwa siku ya shindano, siku moja katika maisha, na alijua anachokilipa na kwa ajili ya nani. Mazoezi ni siku nyingine zote. Mtu anayeifanya kila Jumanne kuwa Mexico hatakuwa na mguu wa kupeleka Mexico. Tena Akhwari mwenyewe alirudi akauguza mguu wake, na miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni.

Na uvivu je? Swali hili aliliuliza mama wa kijana wetu, mwanamke asiyependa kuona mtu mzima amelala saa nne asubuhi. Walimu wazoefu hutumia kipimo rahisi: anza zoezi lako polepole kwa dakika kumi. Uvivu mara nyingi huyeyuka mwili ukipata joto. Uchovu wa kweli huzidi.

Kuhusu dalili, elimu ya leo imesonga mbele kuliko ya Galen, ingawa si kwa umbali tunaoudhani. Mwaka 2013 vyama viwili vikubwa vya wataalamu wa michezo, kimoja cha Ulaya na kingine cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja. Walitofautisha uchovu wa kawaida wa mazoezi, unaopona kwa siku chache hadi wiki mbili hivi na kumwacha mtu na nguvu zaidi, na uchovu uliopitiliza, unaochukua wiki nyingi au miezi. Na ule mbaya kabisa ambao huweza kumaliza safari ya mwanamichezo. Walikiri pia kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kumwambia mtu amefika wapi. Daktari huondoa kwanza magonjwa mengine yote, kisha humuuliza maswali: unalalaje, unakulaje, hasira zako zikoje, mafua yamekushika mara ngapi, na je, unafanya kazi ileile kwa jasho zaidi na matokeo kidogo? Wengi huhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakipanda kuliko kawaida yao kwa siku kadhaa, huliona hilo kuwa onyo. Kwa maneno mengine, baada ya mashine zote, tumerudi pale pale aliposimama Gerenus asubuhi ile: mtu anasema hajisikii vizuri, na kuna mwingine anayeamua kama atamwamini. Wazee wetu walisema ngoma ikilia sana hupasuka, lakini aliye karibu na ngozi ya ngoma ndiye anayesikia sauti ikibadilika.

Kwa haki, tulikwenda pia kumwona mwalimu wa mazoezi wa kijana wetu. Tulimkuta ni kijana tu mwenyewe, mwenye ndugu wanne wa kusomesha, na hofu yake ilikuwa moja: mteja akipumzika hatarudi, na mteja asiporudi hakuna ada ya mwezi. Tunashuku mwalimu wa Gerenus naye alikuwa na hofu ya namna hiyo, bingwa wa Olympia akiwa ndiye jina lake na mkate wake. Tulimsimulia kisa cha Naucratis. Alisikiliza kimya, akauliza kama mwalimu yule alishtakiwa. Tukamjibu kwamba kitabu hakisemi.

Kijana wetu ametoka hospitalini. Daktari amemkataza vyuma hadi vipimo vya mafigo vitakaporidhisha, akamruhusu kutembea. Amenunua daftari dogo, na kila asubuhi huandika humo mapigo yake ya moyo: 71, 70, 68. Alhamisi iliyopita mazoezi ya kwaya yalichelewa kuisha, na wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu wenye besi nzito. Katikati ya ubeti wa tatu alikaa kwenye benchi akafunga kitabu. Mwalimu wa kwaya alimtazama, akaendelea kupiga kinanda, na besi wengine wawili wakaubeba wimbo hadi mwisho.